Pikipiki Isiyobisha Hodi

Saa kumi na moja na robo jioni, siku ya Jumanne, pikipiki ya Jeannot Mwaba iliingia uani kwake, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, na hakuna aliyeisikia. Lango lilikuwa wazi. Mama Victorine, mama wa mke wake, alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, ameligeuzia lango mgongo, kitenge amekikunja juu ya magoti, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kwenye mkeka mbele yake walilala mapacha wenye umri wa wiki tatu, Kyungu na Kabange. Alikuwa akiwaimbia.

Kwao Kambove mapacha huimbiwa matusi. Si matusi ya ugomvi. Ni wimbo wa furaha, na anayetukanwa ndani yake ni baba aliyewazaa, kiungo kwa kiungo, kuanzia utosini kwenda chini. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuuimba mbele ya baba wa mapacha, isipokuwa mmoja: mama mkwe wake. Mama Victorine alikuwa na sauti nzuri, alikuwa peke yake, na alikuwa ameshafika kiunoni.

Jeannot alizima injini, jambo ambalo halikuongeza wala kupunguza chochote, akabaki amekaa juu ya kiti cha pikipiki, kofia ya chuma kichwani, akisikiliza beti mbili nzima kuhusu mwili wake mwenyewe. Baadhi ya mambo hayakuwa kweli. Akikohoa, atakuwa amemwita mama mkwe, na mama mkwe haitwi. Akigeuza pikipiki aondoke, matairi yatalia kwenye changarawe, Mama Victorine atageuka amkute anakimbia, na hilo litakuwa baya zaidi. Alikuwa bado anapima wakati vumbi la Juni lilipomwingia puani. Akapiga chafya.

Mama Victorine aligeuka. Beseni lilipinduka, maji yakafika hadi kwenye viatu vya Jeannot. Jiko, mahali pake pa kukimbilia kila siku, lilikuwa upande wa lango, nyuma ya pikipiki. Kulibaki choo. Aliingia chooni mbio, kitenge bado kiko magotini, akafunga kwa ndani, akakaa humo hadi giza lilipoingia. Mpangaji wa chumba cha upande wa pili wa ua, kijana fundi viatu aitwaye Guelor, alikuja mara mbili na kopo la maji mkononi, akasimama, akarudi chumbani kwake bila kuuliza.

*

Kosa halikuwa la mtu. Kwa miaka minne, tangu Jeannot amwoe Nono, yeye na Mama Victorine hawakuwahi kutazamana usoni wala kusemeshana. Ndivyo buko, yaani ukwe na wakwe wenyewe, inavyokaa kwao: mkwe akitokea, mama mkwe hupisha, mama mkwe akila, mkwe haoni. Hali hiyo huisha siku mama mkwe mwenyewe anapopika, akaita wanawake wa upande wake, na kumwingiza mkwe rasmi katika watu anaoweza kukaa nao. Siku hiyo ilikuwa ikiahirishwa kila mwaka. Mama Victorine akiwa Kambove na Jeannot akiwa Lubumbashi, kuahirisha hakukumgharimu mtu chochote.

Kisha Nono akajifungua mapacha kwa upasuaji. Daktari alisema asinyanyue ndoo wala sufuria, na akiweza asicheke. Mama yake Jeannot alikuwa amefariki zamani. Mama Victorine alifika na mfuko mmoja, akalala chumba cha kati na binti yake na watoto, na Jeannot akabaki chumba cha mwisho chenye mlango wake uani. Kwa wiki mbili nyumba ilikwenda vizuri, na sababu ilikuwa pikipiki ya zamani. Ilikuwa ya Kichina na ililia kama mashine ya kusaga mahindi. Ilisikika tangu sokoni. Mama Victorine alipata muda wa kumaliza sentensi, kuokota vitu vyake, kufunika sufuria na kuingia jikoni kwa hatua za mtu mwenye heshima.

Injini hiyo ilikufa. Jeannot, ambaye kazi yake ni kusambaza dawa kutoka bohari hadi maduka ya dawa ya mjini na Karavia, alinunua pikipiki nyingine, ya Kijapani, iliyotumika Ubelgiji. Aliisifia kwa wenzake bohari kwa neno moja: kimya. Alisema ukiwa juu yake unasikia saa yako ya mkononi. Hakufikiria hata mara moja ni nani aliyekuwa akitegemea kelele.

Usiku wa Jumanne waliongea kama walivyoongea siku zote, kupitia ubao. Ukuta kati ya chumba cha Jeannot na chumba cha kati ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila upande uliusikia mwingine ukigeuka kitandani. Hata hivyo maneno yalipaswa kupita kwa Nono.

"Nono," alisema Mama Victorine, "umwambie bwana yako, miye Jumamosi narudia Kambove. Nafasi mu bisi niko nayo."

"Nono," alisema Jeannot, "umwambie mama anisamehe. Pikipiki haina kelele."

"Umwambie, muntu mwenye kuingia kama mwizi asisingizie chuma."

Nono alikuwa na mtoto kila titi. Alingoja kidogo, kwa adabu, halafu akasema, "Munasikilizana bote. Miye si antenne."

Lakini baadaye, mama yake alipokwenda kusuuza nepi, Nono aligonga ubao kwa kidole. Hakuwa akicheka tena. Alisema jana alijaribu kuinua ndoo nusu tu, akaona nyota. Akasema mama akienda, hatajua afanyeje watoto wote wawili wakilia, maana kuinama kumnyanyua mmoja kunawezekana, kumnyanyua wa pili hakuwezekani. Jeannot alisema atapata njia. Aliuliza mama amekasirika sana au kidogo. Nono alisema hiyo ndiyo haelewi: ukiacha lile la mwizi, hakusema neno lolote baya juu yake, anakunja vitenge tu na kuvikunjua.

*

Jumatano Jeannot alijaribu honi. Alipiga mara moja kwenye kona na mara moja langoni, kwa kiasi. Mama Victorine aliingia jikoni kwa wakati, hilo halikupingika, lakini jibu lilifika kupitia kwa Nono kabla Jeannot hajavua kofia. Tangu lini buko anapigiwa honi? Yeye ni mbuzi wa barabarani? Honi inamwambia mtu ondoka. Pikipiki ya zamani haikumwambia yeyote kitu. Ilijipitia tu na kelele zake, na anayetaka kusikia alisikia.

Jeannot alilazimika kukubali kwamba hoja ilikuwa sahihi. Simu nayo ilishindikana kwa sababu hiyohiyo. Ya Nono ilikuwa imezimwa mchana ili watoto walale, na kumpigia Mama Victorine ni kuongea naye. Kilichohitajika kilikuwa kelele isiyomlenga mtu.

Alhamisi akaimba. Alianza wimbo wa kanisani kwenye kona, wanapouza makaa, na kwa kuwa alikuwa ndani ya kofia ya chuma hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Wauza makaa watatu walimpokea kwa sauti ya pili. Mmoja aliacha gunia lake akamsindikiza hadi langoni akipiga makofi, akataka ubeti wa tatu. Mama Victorine aliwabeba watoto wote wawili akaingia nao ndani, akafunga. Ujumbe wa jioni ile ulisema kwamba kuja kimya ilikuwa afadhali kuliko kuja mlevi na jua bado liko juu.

"Sikunywa," Jeannot aliuambia ubao.

"Umwambie najua. Mulevi anaimbaka muzuri kumupita."

Guelor, upande wa pili wa ua, alisikika akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Mfuko wa Mama Victorine ulikuwa umefungwa na kuwekwa kando ya mlango.

*

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Jeannot alimpelekea pikipiki fundi Yusufu, mtu wa miaka hamsini ambaye babu zake walitoka Maniema na ambaye kofia yake ya swala ilikuwa na matundu madogo ya cheche. Yusufu alisikiliza shida yote kuanzia beseni hadi wauza makaa. Jeannot alipofika kwenye wimbo wa kiunoni, fundi alitafuta tairi akakaa.

"Rafiki," alisema alipoweza kusema, "belle-mère yangu miye, mama ya bibi yangu, iko mu nyumba yangu mwaka ya kumi na moja. Ananiomba crédit ya telefone, anabadilisha chaîne ya televizio wakati ya mpira, na akiona nimenyamaza anauliza nimefanya kosa gani. Tubadilishane. Nakupa yeye, unanipa yako, naongeza na mbuzi."

Jeannot alisema wake hatakubali kubadilishwa kwa mbuzi mmoja.

Alitaka mtungi wa nyuma wa bomba la moshi utobolewe. Yusufu alikataa, na sababu zake zilikuwa za kweli. Mtungi ule ndio unaoonekana. Polisi wa barabarani akiona matundu au akiona bomba limekatwa, atakuwa na la kusema kila asubuhi. Akapiga magoti, akaonyesha mahali ambapo bomba la mbele, lile linalotoka moja kwa moja kwenye injini, linavimba chini ya tumbo la pikipiki kama nyoka aliyemeza yai. Humo ndani, alisema, Wazungu wameweka katalizeri. Ni kitu chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Moshi ukipita humo unaungua mara ya pili, unatoka umesafishwa na umetulizwa. Ukikitoa, bomba kwa nje linabaki bomba. Polisi hainami hadi huko.

"Na kelele?"

"Itanguruma kama simba," alisema Yusufu, akaenda kutafuta funguo.

Simba alichelewa. Nati mbili zilizoshika bomba kwenye injini zilikuwa na kutu ya mvua za Ubelgiji, na ya pili ilihitaji mafuta, moto na jina la Mungu ili kulegea. Yusufu alifungua kwanza sensa, kidude chenye waya kinachopima moshi, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu kabisa ya kabati. Alisema ikianguka, pikipiki itapoteza akili na yeye atapoteza mteja. Alichora mistari miwili kwa chaki, mmoja kila upande wa uvimbe, akakata kwa mashine. Cheche ziliruka hadi barabarani. Kipande kilipodondoka walikiinamia wote wawili. Ndani yake kulikuwa na vyumba vidogo visivyohesabika, vyembamba, vya kijivu, vilivyopangwa kwa usafi ambao Jeannot aliuonea huruma. Yusufu hakukitupa. Alikiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya rafu, kwa sababu Mkatanga, alisema, mtu wa nchi ya migodi, akiona jiwe ambalo halijui jina halitupi kwanza.

Alikata kipande cha bomba tupu cha urefu uleule, akakilinganisha, akachomelea kuzunguka, akapiga brashi ya waya, akarudisha sensa na nati. Kisha akaosha mikono, akaivuta ile kofia yake nyuma kidogo, akamwambia Jeannot awashe.

Pikipiki iliwaka. Walisikiliza.

Ilikuwa na sauti nzito kidogo kuliko awali. Kidogo. Mtu anayesuuza nepi asingeisikia kutoka langoni. Pia moshi sasa ulinuka petroli mbichi, na macho ya Jeannot yakaanza kuwasha.

"Huyu simba amelala," alisema Jeannot.

Yusufu alikunja uso, akasema labda ikizunguka kwa nguvu. Akashika mkono wa mafuta, akauvuta hadi mwisho, injini ikapanda. Akauachia ghafla.

Pa. Pa-pa. Pa.

Njiwa waliondoka kwenye paa la karakana. Upande wa pili wa barabara mwanamke aliyekuwa akikaanga mikate aliketi chini kwa ghafla, akabaki ameshika kijiko. Yusufu na Jeannot walitazamana. Yusufu alieleza, kwa kasi ya mtu anayegundua anachokisema huku akikisema, kwamba ukiachia mafuta kunabaki petroli isiyoungua. Zamani lile sega liliimaliza taratibu, sasa inaungulia ndani ya bomba tupu. Maana yake haitapiga kelele njiani. Haitapiga kelele mbele ya polisi, ukienda polepole. Itapiga pale tu unapoachia mafuta ili ukate kona.

"Kona ya kwangu," alisema Jeannot.

"Kona ya kwako. Buko yako anasikia, anajipangusa, anaingia jiko. Na haikumwambia kitu."

Jeannot aliivuta tena na kuiachia, ili kuhakikisha. Walicheka hadi fundi wa jirani akaja kuuliza nani amezaa. Yusufu hakupanga bei ya kazi. Alisema angependa tu aelezwe ilivyokwisha.

*

Jioni hiyo Jeannot alikwenda nyumbani akiwa na furaha iliyomfanya asalimie watu asiowajua. Alipofika kwa wauza makaa alikuwa na mwendo mzuri. Aliachia mafuta, akakata kona.

Ilipasuka mara tano.

Watu wa Lubumbashi wakisikia mlio kama ule, wa risasi, hawaulizi kwanza. Wauza makaa walilala nyuma ya magunia. Milango ya avenyu yote ilijifunga, mmoja baada ya mwingine. Uani, Guelor aliruka nyuma ya pipa la maji na kiatu cha mteja mkononi. Nono alikuwa bafuni, penye uzio wa mabati, amejimwagia maji nusu; akainama alivyoweza. Mama Victorine alimbana Kyungu kifuani, akamnyakua Kabange kwenye mkeka, akakimbilia mlango uliokuwa karibu, tena wazi.

Jeannot aliukuta ua mtupu. Hakuna kigoda kilichokaliwa, hakuna mtu mwenye miguu ndani ya beseni. Jiko lilikuwa limefungwa kwa heshima zote. Kazi ilikuwa imefanyika barabara kupita alivyotumaini, naye akaegesha pikipiki, akaipiga kibao kidogo kwenye tangi, akaingia chumbani kwake akipiga mluzi. Alivua koti. Alivua suruali, ambayo ilikuwa na grisi ya karakana hadi mapajani. Akakaa kitandani, kwa uzito wote wa mtu mwenye kilo themanini na tatu, avue soksi.

Kitanda kilikuwa cha chuma, kimeinuliwa kwa matofali, na springi zake zilikuwa zimechoka.

"Buko," ilisema sauti kutoka chini, "simama. Kitanda inatubana."

Katika miaka minne hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza Mama Victorine kumwambia yeye mwenyewe. Jeannot alisimama. Alisimama katikati ya chumba akiwa na shati, chupi na soksi moja, mikono ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mama?"

"Usiangalie chini."

"Siangalii."

"Batoto biko bazima. Ni banani bale banapiga masasi?"

"Si masasi, mama. Ni pikipiki yangu."

Chini ya kitanda sauti ikauliza, polepole, kama hakimu anayerudia jibu la shahidi, kama ni ile pikipiki ambayo haina kelele.

"Nilikatisha kitu mu bomba," alisema Jeannot, akiutazama ukuta. "Kwa Papa Yusufu. Ju mama usikie nikikuya, upate wakati. Ju usiende Kambove."

Springi zilianza kutetemeka zenyewe. Jeannot alidhani mama mkwe analia. Alitaka kuinama, akakumbuka hana suruali, akabaki wima. Na ndipo pumzi ikamtoka Mama Victorine kwa mlio mmoja mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka, akajua kwamba mama mkwe wake anacheka na amekuwa akicheka kwa muda.

Mlango uligongwa. Ua ulikuwa umejaa. Avenyu nzima, ilipoona hakuna damu, ilikuwa imekuja kuitafuta. Guelor ndiye aliyesemea wote, akimwita kwa jina la baba wa mapacha: "Papa mapasa, nani amepigwa?"

Jeannot alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka chini ya kitanda, kwa sauti ya mwimbaji.

"Hakuna mwenye kufa. Mutuache, tunaongea."

Nje hakuna aliyehitaji kuelezwa ile sauti ni ya nani wala kile chumba ni cha nani. Kisha mtu mmoja akaanza, mwanamke, akiwa amejiziba mdomo, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nono alipita katikati yao na kitenge cha bafuni, povu begani, akasukuma mlango. Alimwona mume wake ameelekea ukutani. Aliona visigino vya mama yake. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Musinichekeshe," alisema, machozi yakimtoka. "Tafazali. Mushono."

"Vaa kwanza suruali," Mama Victorine alimwamuru mkwe wake.

Alivaa ile ya grisi. Ndipo mikono miwili ikatokea chini ya kitanda na kumpa Kyungu, ambaye hakuwa ameamka. Jeannot alimpokea, akamkabidhi Nono aliyekuwa ameketi. Ikatoka tena ikampa Kabange, aliyeamka na mwenye hasira. Halafu ukatoka mkono mmoja, mtupu, ukangoja. Ilichukua muda kidogo Jeannot kuelewa kwamba springi zilikuwa zimenasa kilemba na kwamba mkono ule ulikuwa unaomba mkono. Akaushika, akavuta.

Mama Victorine alisimama mbele yake, na vumbi kifuani. Alimtazama usoni kwa utaratibu, kuanzia utosini.

"Kumbe njo weye," alisema. "Nilifikiri uko murefu."

Nono alizika uso wake katika nepi.

Ndipo Mama Victorine akasema, na safari hii hakucheka, kwamba siku ile ya beseni aliyeona haya ni yeye, si Jeannot. Mwanamke mzima, nywele nyeupe, anakutwa anautaja mwili wa mkwe wake kwa sauti ya juu. Angebaki vipi katika nyumba hii na kesho apike chakula chake? Ya mwizi na ya honi aliyasema ili apate sababu ya kwenda. Na ile siku ya kumwingiza, alikuwa anangoja mbuzi, na mavuno mazuri, na dada zake wote wa Kambove waje na vikapu kichwani ili Lubumbashi ione. Kila mwaka kimoja kilikosekana.

"Sasa niko nimelala chini ya kitanda yako," alisema. "Fasi ingine ya kukuingiza haibakie, ni leo. Nono, kuku iko?"

Kuku alikuwepo kwa Guelor, ambaye alimtoa kabla bei haijatajwa. Wauza makaa walileta makaa, na kwa kuwa walishajua sauti ya pili walibaki. Wanawake wa avenyu, ambao hakuna hata mmoja aliyetoka Kambove, walisimama mahali pa dada za Mama Victorine, wakafanya kelele ya watu wa ukoo mkubwa. Jeannot aliketishwa kwenye mkeka, amenawishwa mikono. Mama Victorine aliketi upande wa pili wa sahani hiyohiyo. Alimega bukari, ugali wa kwao, akaifinyanga, akaitia kwenye mchuzi, akaiweka katika kiganja cha mkwe wake. Jeannot alikula. Kisha yeye mwenyewe akamega, akala, wazi, mbele ya macho yake, akitafuna bila haraka, na alipomaliza akamtuma: kesho alete mawese, yaliyoko jikoni yanakwisha.

*

Jumamosi asubuhi bisi ya Kambove iliondoka bila Mama Victorine. Ilipokaribia saa nne Jeannot aliingia uani na chupa ya mawese chini ya koti. Mama Victorine alikuwa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, na hakuondoka. Alinyoosha mkono akaipokea chupa, akafungua kizibo, akanusa, akamwambia ni ya zamani, airudishe.